Mshipi wa Vishikio

Kati ya vitu vyote nilivyovikataa dukani siku ile, kinachonirudia kila ninapowasha injini ni mshipi mpana mweusi wenye vishikio viwili vya mpira, kimoja kila ubavu. Dereva wa jetski hujifunga kiunoni, na anayekaa nyuma yake hushika vile vishikio badala ya kumkumbatia. Muuzaji aliushusha kutoka msumarini akanionyesha unavyofungwa. Nikamwambia mimi si punda wa kutiwa matandiko. Akacheka, akaurudisha mahali pake, nami nikajiona nimesema neno la maana.

Mke wangu hakucheka. Alikuwa amesimama kando yangu, mimba changa ndani ya buibui, karatasi mkononi. Jetski ilikuwa mali ya mwenye nyumba ya wageni ninayemfanyia kazi hapa Shela. Mimi ndiye niliyekabidhiwa niiendeshe, na mimi ndiye niliyetumwa mjini Amu kuichagulia vifaa. Lakini orodha aliiandika yeye. Mke wangu hajui kuogelea, na tangu tuoane hajaniamini hata siku moja ninapomwambia bahari imetulia.

Tulibishana kila kitu. Nilitaka majaketi ya kuelea yawe meusi, kwa sababu yanapendeza kwenye picha, na wageni wa siku hizi hawapandi chombo bila kupigwa picha. Yeye akataka ya rangi ya chungwa. "Ukianguka nataka nikuone kwa mato yangu, si kwa kubahatisha," alisema mbele ya watu. Tukachukua ya chungwa. Nilisema firimbi za nini na sauti ninayo. Akatia nne kikapuni. Nilisema jetski mpya haihitaji kamba ya kuvutia. Akamwambia muuzaji apime pima sita za kamba inayoelea. Kitu pekee tulichokubaliana bila kelele ni ile kamba fupi ya kuzimia injini, inayofungwa mkononi ili dereva akianguka injini ife papo hapo. Mshipi, uliokuwa pia kwenye orodha yake, ulibaki msumarini kwa kuwa mke wangu alikuwa amechoka kubishana nami. Hilo aliniambia baadaye sana.

Kosa la pili nililifanya mwenyewe, kwa kisu. Kila jaketi lilikuwa na mkanda wa kupitisha katikati ya miguu, ili lisimpande mtu kichwani akiwa majini. Sikukuu ya Idd wanawake wa Amu walikuja ufukweni Shela na watoto wao, wakataka kuonja jetski. Mama mmoja alipouona ule mkanda aliniuliza kama nina wazimu. Na kweli, utampitishia vipi mtu mzima mkanda hapo, juu ya buibui, mbele ya majirani zake? Nikakaa juu ya mchanga nikaikata yote. Wakapanda mmoja mmoja, na hakuna aliyenishika. Mwanamke wa kwetu hakumbatii kiuno cha mwanamume asiye wake, hata bahari imtikise namna gani. Walishika ukanda wa kiti, nami nikaenda polepole kama niliyebeba trei ya mayai. Hakuanguka mtu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, unaona, mshipi wako ungekuwa wa bure.

Basi ikaja ile Ijumaa.

Mke wangu alikuwa hospitalini Amu tangu alfajiri, dada yangu yuko naye. Adhuhuri ikikaribia, daktari akasema mtoto amekaa vibaya, lazima mama apasuliwe, na chumba kikishakuwa tayari hawatamngoja mtu. Mke wangu hakulia. Alinishika mkono akasema, "Nendea mamangu. Nataka nimuone kabla siyangia." Nilitaka kumwambia kila kitu kitakuwa sawa, lakini dada yangu alinitazama kwa jicho la kuniambia niache maneno, nikimbie.

Nilikuwa nimekuja na jetski, na ndiyo niliyorudi nayo Shela. Mkwe wangu nilimkuta mlangoni, buibui ameshavaa, tasbihi mkononi. Simu ilikuwa imenitangulia. Ana magoti mabovu. Kwa miguu hadi Amu ni mwendo ambao hata mzima ungemlia muda tusiokuwa nao. Nia yangu ilikuwa kumtia kwenye boti, mimi nifuate nyuma. Tulipofika ufukweni maboti yalikuwapo, yote, yametia nanga yakiyumba, na hapakuwa na nahodha hata mmoja. Ilikuwa saa ya hutuba. Sauti ya khatibu ilitoka kwenye vipaza vya msikiti, na wanaume wote wa Shela walikuwa wamekaa ndani wakimsikiliza. Ningeweza kwenda kumtoa mmoja safuni. Nilifikiri hivyo, kisha nikaona aibu kuruka mabega ya watu katikati ya hutuba.

"Si kuna hiyo pikipiki yako ya mai?" mkwe wangu akasema.

"Mama, utaweza?"

"Siyui. Mwanangu yuko kule."

Nikampa jaketi alivae, nikageuza uso. Nilimsikia akihangaika na vifungo. Najua jaketi la kuelea linavyotakiwa kuvaliwa. Wageni huwavutia mikanda mimi mwenyewe mpaka waseme wanabanwa. Lakini huyu ni mkwe wangu. Kisheria ni kama mama yangu, hakuna haramu yoyote, ila haya ya kwetu ina amri zake, na mimi katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi hata kukaa naye jamvi moja. Nikamuuliza nikiwa nimeangalia bahari, "Limekaza, Mama?" Akasema limekaza. Halikuwa limekaza.

Alipanda akakaa upande, miguu yote miwili upande mmoja, vile wanawake wanavyompanda punda. Akashika ukanda wa kiti. Maneno yalikuwa mawili tu, "Nishike, Mama," na mimi nayajua kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kitaliano cha kubabaisha, maana ndiyo ninayoyasema kutwa nzima. Yalinifika mdomoni yakarudi. Nikawasha injini.

Mwanzo nilikwenda pole. Maji yalikuwa yakitoka na upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kinyume chake, kwa hiyo mkondo ulikuwa umejaa vijiwimbi vifupi, vikali, visivyompa mtu nafasi ya kujiweka sawa. Kila chombo kiliporuka nilisikia pumzi yake nyuma yangu ikikatika. Nikamwona mke wangu kichwani akisukumwa koridoni, akigeuza shingo kutazama mlango. Nikaongeza mwendo kidogo. Nikaongeza tena. Kisha tukaruka wimbi moja, na tulipotua nikahisi jetski imekuwa nyepesi.

Sitaisahau ile hisia. Nilijua kabla sijageuka.

Nilipogeuka niliona rangi ya chungwa, na hapo nilimshukuru mke wangu kwa mara ya kwanza siku ile. Lakini rangi ilikuwa mahali pasipotakiwa. Jaketi lilikuwa limempanda hadi masikioni, uso umezama ndani yake, na buibui limetanda juu ya maji pande zote. Mikono yake ilikuwa ikipiga maji bila mpango. Nikazunguka kumwendea, na nikiwa karibu nikakumbuka tumbo la jetski. Mashine hii huvuta maji kwa chini na kuyatupa nyuma kwa nguvu, na chochote kilicholegea karibu nayo huingia: kamba, nywele, nguo. Buibui zima lilikuwa pale likiingojea.

Nikaichomoa kamba ya mkononi. Injini ikafa. Kutoka nilipokuwa hadi kwake palikuwa na pima tano hivi, na nikiruka hivihivi upepo utaichukua jetski, tubaki wawili katikati ya mkondo. Ile kamba ya kuvutia, niliyosema haina kazi, ilikuwa imefungwa puani mwa jetski. Nikaishika ncha yake kwa meno nikajitupa.

Nilipomfikia alikuwa ameshakunywa maji. Nikalivuta jaketi chini, likapanda tena. Hapakuwa na cha kulizuia, nilikikata mwenyewe kwa kisu. Ndipo nilipoitoa kamba menoni nikaishika mkononi, nikapiga kelele, "Nishike, Mama! Nishike shingo!" Alinishika. Alinishika hata tukazama wote wawili, na nilipoibuka nilikuwa sioni kitu kwa nguo yake iliyonifunika uso. Nikatafuta firimbi iliyoning'inia kwenye jaketi lake, nikapuliza kwa nguvu zote. Nikapuliza tena. Juu ya maji nilisikia sauti ya khatibu ikinijibu kutoka msikitini, imetulia, haina haraka, akiwaombea dua Waislamu wote. Firimbi ilikuwa nzima, tatizo ni kwamba masikio yote yalikuwa ndani. Nilimkasirikia khatibu, nikawakasirikia manahodha, kisha nikaona hapana wa kumkasirikia ila mtu mmoja, na huyo alikuwa na kamba mkononi.

Nikaivuta ile kamba, mkono mmoja ukivuta na mmoja umemshika yeye, hadi jetski ikaja. Sasa apande. Aliukamata ukingo wa nyuma, magoti yakakataa. Akajaribu, akateleza. Mimi niko nyuma yake, nimeweka mikono hewani kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu.

"Mama, samahani," nikasema.

"Samahani ya nini? Sukuma!"

Nikatia bega, nikasukuma. Akapanda kwa tumbo, akatambaa, akajiinua. Safari hii alikunja buibui akakaa mkao wa kiume, mguu huku na mguu huku, na nilipokaa mbele yake mikono yake ilikuwa imeshanizunguka kabla sijasema lolote. Alifungamanisha vidole juu ya kitovu changu. Mara mbili nilishindwa kuichomeka ile kamba ya injini mahali pake. Ya tatu ikaingia, injini ikaitika. Njia yote hadi Amu shavu lake lilikuwa mgongoni kwangu, na nilihisi midomo yake ikisoma.

Koridoni tulikuta kitanda kiko nje ya mlango tayari, na muuguzi ameshika upande wake wa kichwani kukisukuma. Dada yangu alikuwa amekizuia kwa upande wa pili, anambembeleza muuguzi ampe dakika moja nyingine. Mke wangu alimwona mamake, buibui likichuruzika maji sakafuni, mtandio umehamia begani, tasbihi haipo. Kisha akanitazama mimi. Hakunitazama usoni. Alinitazama kiunoni, pale ambapo mshipi ungekuwa. Mamake alimwekea kiganja kilicholowa kwenye paji la uso, akamwombea, muuguzi akalalamika kuhusu maji, mlango ukafunguliwa, ukafungwa.

Tuliketi bencini, mkwe wangu na mimi. Dada yangu alikwenda kutafuta nguo kavu. Nilitaka kuomba radhi nikakosa pa kuanzia, maana makosa yalikuwa mengi na kila moja lilikuwa na historia yake.

Yeye ndiye aliyeanza. "Mbona hukunambia nikushike?"

"Niliona haya, Mama."

Akakamua ncha ya buibui lake. "Na mimi nalingoya uniambie," akasema.

Nilitazama sakafu, na nikawaza kwamba mwanamke huyu alikuwa tayari kuzama kwa heshima yangu, na mimi nilikuwa tayari kumzamisha kwa heshima yake. Nililia, sioni haja ya kuficha. Alipofika muuguzi na kusema ni mtoto wa kike na mama yake mzima, nilisimama kwa haraka nikakuta kitu kinanivuta nyuma. Mkwe wangu alikuwa ameshika pindo la fulana yangu. Sijui alikuwa amelishika tangu saa ngapi. Tuliingia hivyohivyo, yeye amelishika.

Wiki iliyofuata nilirudi dukani. Mshipi ulikuwa bado msumarini, na muuzaji akaniuliza kama punda amekubali matandiko. Nilimwacha acheke. Nikanunua na majaketi mapya yenye mikanda kamili, na mke wangu, akiwa bado hajaruhusiwa kunyanyua kitu kizito, alishona suruali pana nne za kitambaa cha giza zinazovaliwa chini ya buibui, ili mkanda upite bila mtu kuona aibu. Idd iliyofuata wanawake walizigombania. Nami sasa huvuta kila mkanda kwa mkono wangu, awe nani, na husema lile neno, "Nishike," kwa sauti kabla sijawasha.

Mkwe wangu aliapa hatapanda tena, na kiapo chake kilidumu hadi mjukuu alipotambaa. Siku hiyo alishuka ufukweni mwenyewe, akavaa suruali, akasimama nimkaze jaketi, akalalamika nimembana. Nikajifunga mshipi, nikamwonyesha vishikio.

Aliutazama ule mshipi, akavigusa vishikio kwa kidole kimoja.

"Hivi ni vya wageni," akasema, akapanda, akanizungushia mikono kiunoni.