Wodi Iliyokosa Wazazi

Walimwita Mama Mapokezi, maana karibu kila kijana wa mji ule alipokewa na mikono yake. Aliingia wodi ya wazazi zama zile kiwanda cha nguo kilipokuwa bado kinapiga king'ora alfajiri na wasichana wakimiminika getini kama siafu. Wodi haikuwa na pa kuweka mguu. Wazazi walilala wawili wawili, kichwa huku miguu kule, naye akiwatania, "Nyie mnazaa kama mmesikia kesho uzazi unapigwa marufuku!"

Kiwanda kikafungwa. Mwanzoni wodi haikuonyesha tofauti. Kisha vitanda vikaanza kubaki vitupu, kimoja kimoja, hadi ikawa wiki inapita hajasikia kichanga akilia. Misiba nayo ikafuatana. Watu wakaanza kunong'ona kwamba dawa za rangi za kiwandani zimeingia kwenye maji, zinaua uzazi na kuwamaliza wazee.

Mama Mapokezi hakuwa mtu wa kubeba maneno ya watu. Lakini mkamwana wake alikuwa na mimba ya kwanza, na kila alipomwona anainua glasi ya maji, moyo ulimlipuka. Akawa anayachemsha, anayachuja, anayachemsha tena.

"Mama, maji yenyewe yatachoka," mkamwana alimwambia akicheka.

Yeye hakucheka.

Siku moja akaja ofisa wa takwimu, kijana mpole mwenye miwani, kuangalia hali ya vizazi na vifo. Mama Mapokezi alimvuta pembeni.

"Mwanangu, usinifiche. Haya maji yanatumaliza?"

"Maji yalipimwa, mama. Hayana neno."

"Basi mbona wanawake hawazai?"

"Wanazaa. Ukimchukua mmoja mmoja, anazaa karibu sawa na alivyozaa mama yake. Ila wenye umri wa kuzaa wamefuata kazi kwingine, waliobaki wengi ni wazee. Ndiyo maana katika kila watu elfu moja wa hapa, wanaozaliwa kwa mwaka ni wachache na wanaokufa ni wengi. Si ugonjwa, ni umri. Zamani waliozaliwa waliwazidi waliokufa, na wageni walihamia kila siku, mji ukakua. Sasa vyote viwili vimegeuka."

"Yaani tunakwisha."

"Tunapungua," alisema kijana, akayakwepa macho yake.

Hofu ya maji ikamtoka. Lakini hakupata hata nafasi ya kushusha pumzi. Ofisa akaongeza kwamba wodi yenye wazazi wachache namna ile itafungwa, na wajawazito watapelekwa hospitali kubwa, ng'ambo ya milima. Mama Mapokezi akaanza kuhesabu wiki kwa vidole. Mkamwana wake alikuwa ameingia mwezi wa nane.

Alikwenda kwa mganga mkuu, akaomba, akabembeleza, akapandisha sauti. Haikusaidia. Gari likaja, likabeba vitanda, mizani ya watoto na dawa. Kilibaki kitanda kimoja kilichovunjika mguu. Yeye akahamishiwa chumba cha kufunga vidonda.

Uchungu ulimkamata mkamwana kabla ya siku zake, mchana kweupe, akiwa anaanua nguo. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mzee mmoja hukohuko ng'ambo. Mumewe, mwana wa Mama Mapokezi, alipiga simu kila mahali, akiita "Mama! Mama!" kama mtoto mdogo, mpaka mama mtu akamkaripia.

"Acha kelele. Kachukue ufunguo wa wodi kwa mlinzi."

Sauti yake ilikuwa ya mkunga. Akamlaza mkamwana kwenye kile kitanda kibovu, matofali yakiwa yamewekwa mahali pa mguu uliovunjika.

Mtoto alitoka salama, wa kike, akalia kwa hasira. Kondo la nyuma nalo likatoka. Kisha ikaja damu. Haikuchuruzika, ilimwagika. Mama Mapokezi alipogusa tumbo, kizazi kilikuwa laini kama unga uliozidi maji. Aligeuka kuchukua sindano ya kukikaza, mkono ukapapasa kabati tupu.

"Mama, nasikia baridi," mkamwana alinong'ona.

"Usilale! Niangalie mimi!"

Alimweka mtoto kwenye titi anyonye, akaanza kukanda tumbo kwa nguvu zake zote. Kila alipopumzisha mkono, damu ilirudi. Aliwaza jinsi atakavyomtazama mwanawe usoni, na wazo lenyewe likamtisha hata akakanda mpaka vidole vikafa ganzi. Pole pole, chini ya kiganja, kitu kikaanza kukaza, kikawa kigumu kama ngumi. Damu ikapungua. Gari la wagonjwa lilipofika, mkamwana alikuwa mweupe midomo, lakini alikuwa anaomba maji.

Alirudi kutoka hospitali akiwa mzima. Baada ya muda mumewe akaja kuketi karibu na Mama Mapokezi, akikwangua kucha.

"Mama, tunahama. Mke wangu hatazaa tena hapa. Twende wote."

Hakuweza kumlaumu. Mji ulikuwa umepata mtu mmoja, na sasa unapoteza watatu. Akawafungia mizigo, akamnusa mjukuu shingoni kwa muda mrefu.

"Nendeni. Bado kuna wenye mimba hapa."

Akamng'ang'ania mganga mkuu hadi akampa sindano chache za kukaza kizazi na kijisanduku cha barafu cha kuzihifadhi. Akaanza kuwatembelea wajawazito majumbani. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa barabara ya soko, mimba imeshuka, siku zake zimekaribia. Mama Mapokezi aliweka kiganja juu ya tumbo. Kilikuwa kinatetemeka.

"Mama, mbona unaogopa hivyo?" fundi aliuliza.

"Naogopa, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana nimekuja mapema. Mtoto anacheza?"