Kaka Yangu Kanikana Mtaa wa Maduka

Leo kaka yangu wa tumbo moja kanikana mbele za watu.

Ndugu zangu, nimerudi kutoka Mwaya sasa hivi.

Nilipeleka vyungu kwenye ule mtaa wa nyumba za matofali, Wadachi, hawa Wajerumani wanaotutawala, wanakonunua hariri na saa za ukutani. Mnaujua. Sisi tunapita barabarani tu, barazani haturuhusiwi.

Mbele ya duka la vitambaa nikakuta wafungwa wa mnyororo wanabeba matofali ya jengo jipya.

Mmoja wao ni Anyosisye, kaka yangu. Kakonda! Shingo imechubuliwa na chuma.

Nikamsahau askari anayewalinda, nikamsalimu kwa lugha yetu.

"Kaka! Ugonile, kaka!"

Askari akamgeukia. "Unamjua mwanamke huyu?"

Anyosisye akanitazama usoni kama anatazama ukuta.

"Simjui."

Jamani! Mdomo nilishaufungua nibishe.

Askari akaendelea, "Maana aliyekuficha ulipotoroka upagazi bado tunamtafuta. Naye atavaa mnyororo."

Aliyemficha ni mimi. Alikuwa analala nyumbani kwangu, nyuma ya mitungi.

Nikasema, "Samahani bwana, nimemfananisha."

Bibi mmoja wa Kidachi akatoka dukani na vitambaa vyake, nikasukumwa nimpishe. Nikampisha, nikaondoka. Sikuthubutu kugeuka.

Nimefika nyumbani, mama yuko mlangoni, kama kila nirudipo Mwaya tangu kaka akamatwe. "Umemwona? Kasemaje?"

Nimemwambia anamsalimu sana.

Amefurahi mpaka amelia.

Ninyi mngemwambia nini?