Swali Ambalo Mama Fomu Hakuuliza

Msichana ametimiza miaka kumi na minane, na kwa sheria za uhamiaji huyo si mtoto tena. Mama yake hawezi kumleta. Ombi lilikataliwa kwa sababu tarehe ya kuzaliwa iliandikwa vibaya kwenye fomu, na aliyeiandika ni mwanamke ambaye kazi yake ni kuhakikisha tarehe kama hizo hazikosewi.

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwanamke huyo anafungua mlango wa kituo cha kuwasaidia wahamiaji wanaozungumza Kichina, ghorofani, juu ya duka la betri za magari. Anawasha taa. Anapanga viti sita. Mkobani ana bahasha ya serikali iliyofika jana jioni. Ameshaisoma. Mwenye barua atakuja saa tatu.

Hapa wanamwita Mama Fomu. Ana miaka hamsini na mbili, na meza hii ameikalia miaka tisa. Huwajazia wageni fomu za kibali cha kukaa, za shule, za bima. Huwasindikiza hospitali akawatafsiria. Huwapigia simu wenye nyumba wanaojifanya hawasikii habari za bomba linalovuja. Analipwa saa nne kwa siku, anafanya nane au tisa. Mshahara wote unaishia kwenye kodi ya nyumba. Chakula analeta mumewe, dereva wa lori.

Wa kwanza kuingia ni mzee mmoja, mpishi mstaafu, kashika barua.

"Mama Fomu, nisomee. Wananiita au wananifukuza?"

"Wanakuita, mzee wangu. Kupima macho, Alhamisi."

"Macho yangu mazima kabisa. Hapa nilipo naona umekuja na uso wa msiba."

"Kaa unywe maji ya moto, acha uchokozi."

Mzee anacheka. Mama Fomu hacheki.

Saa tatu kamili anaingia mpiga pasi. Anafanya kazi kwenye dobi ya hoteli, kunyoosha mashuka, na mikono yake ina alama za kuungua mpaka kwenye viwiko. Alihamia nchi hii miaka kumi na moja iliyopita. Binti yake alikuwa na miaka saba, akabaki kwa bibi yake.

Ili amlete mtoto, mzazi alitakiwa kuwa na ajira ya kudumu na nyumba yenye chumba cha mtoto. Mpiga pasi alihangaika miaka kumi kuvipata. Alipovipata, binti alikuwa amebakiza wiki chache kutimiza kumi na minane. Bado walikuwa na muda.

Kosa likafanyika kwenye simu.

Wachina wengi, hasa waliokulia vijijini, hukumbuka siku za kuzaliwa kwa kalenda ya zamani inayofuata mwezi mwandamo. Kwa kalenda hiyo, msichana alizaliwa tarehe nane, mwezi wa kumi na mbili. Lakini mwezi ule wa kumi na mbili mara nyingi huangukia Januari kwenye kalenda ya serikali. Cheti chake kinasema tarehe saba Januari, mwaka unaofuata.

Mama Fomu anayajua hayo kuliko mtu yeyote.

"Kila anayekaa hapo namuuliza: hiyo tarehe ni ya kalenda ya zamani au ya serikali?" anasema. "Nimeuliza mpaka wananitania. Kuna mmoja aliniambia, 'Mama, wewe hata ndoto zako zina kalenda mbili.'"

Mpiga pasi peke yake hakuulizwa. Wanatoka wilaya moja, na katika mji huu kila mmoja hana mwingine wa kuzungumza naye kilugha cha kwao. Cheti kilikuwa bado kwa mtafsiri, siku zinakimbia, Mama Fomu akapiga simu.

"Alikuwa ananisimulia meneja wao alivyoteleza kwenye sabuni mbele ya wageni," anasema. "Nacheka mpaka machozi. Nikamuuliza, mtoto kazaliwa lini vile? Akanijibu kama anavyomjibu dada yake, na mimi nikaandika kama dada yake: tarehe nane Desemba. Nilisahau kwamba niko ofisini."

Cheti kilipotoka kwa mtafsiri, mpiga pasi alikitia kwenye bahasha pamoja na fomu aliyoisaini, akaipeleka mwenyewe ofisi ya uhamiaji. Hakuna aliyelinganisha. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa binti atimize kumi na minane.

Jibu lilichukua miezi minne: taarifa zinapingana, ombi limekataliwa, mwombaji anaweza kuomba upya. Kwa ombi jipya, umri huhesabiwa siku linapopokelewa. Siku jibu lilipofika, binti alikuwa na miaka kumi na minane na miezi mitatu.

Wakakata rufaa. Mama Fomu aliandika maelezo kwamba kosa ni lake. Mkuu wa kituo alimwonya.

"Ukisaini hiyo, wafadhili wataiona," alimwambia. "Mimi sitaweza kukutetea."

Alisaini.

Sasa anatoa barua kwenye bahasha. Anaisoma kwa lugha ya serikali kwanza, kisha kwa kilugha chao, polepole. Rufaa imekataliwa. Ofisi haina mamlaka ya kurudisha siku nyuma. Mwombaji aliweka sahihi kwenye fomu, kwa hiyo alithibitisha yaliyomo.

"Soma tena," anasema mpiga pasi.

Anasoma tena.

"Tena."

Anasoma mara ya tatu. Mpishi mstaafu anainuka taratibu, anaaga kwa kichwa, anatoka.

"Watu wote unawauliza," anasema mpiga pasi. "Hata yule mzee unamuuliza. Mbona mimi hukuniuliza, dada?"

Mama Fomu anasema, "Nisamehe."

Kisha mpiga pasi anasukuma simu yake mezani. "Mwambie wewe. Mimi mdomo hauwezi."

Huko kwao ni mchana, mapumziko ya kazini. Msichana anapokea. Anasikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Aliacha shule mwaka wa mwisho ili ajifunze lugha ya nchi aliyodhani anahamia. Sasa anabandika soli kwenye kiwanda cha viatu.

"Sawa, shangazi," anasema. "Basi mama asihangaike kuninunulia godoro."

"Ameshanunua, mwanangu."

Msichana anasema kengele imelia, anarudi kazini.

Mpiga pasi anachukua simu na barua. Mlangoni Mama Fomu anamwambia Jumapili atapita nyumbani kwake.

"Usije," anajibiwa.

Mkataba wa Mama Fomu unaisha Desemba na hautaongezwa. Wafadhili waliiona karatasi. Kwa miezi iliyobaki amejiwekea utaratibu: hajazi tarehe kwa simu, na hashiki kalamu kabla cheti hakijawekwa mezani. Anataka atakayempokea meza aukute umeshazoeleka.

"Mimi naondoka, sawa," anasema. "Ila hili lisimkute mwingine."

Swali lile huchukua sekunde tano kuuliza. Kwa kutoulizwa, msichana amepoteza mwaka wake wa mwisho wa shule. Mpiga pasi analipia kodi ya chumba cha pili kisicho na mtu. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili amepoteza kazi na rafiki. Mama na mwanawe, ambao hawajaonana miaka kumi na moja, wameanza mwaka wa kumi na mbili.