Maski Aliyeondoka Bila Kupimwa

Daktari wa meno wa mji wetu husimulia uvuvi wake mgonjwa akiwa na pamba mdomoni, maana hapo hakuna wa kumbishia. Huitanua mikono yake inayonukia mafuta ya karafuu na kuonyesha urefu wa samaki, kisha humkemea mgonjwa kwa kutotunza meno. Ardis, msaidizi wake kwa miaka kumi na tisa sasa, ndiye anayemwendeshea boti kila Jumatano msimu wa baridi unapokaribia. Boti huenda polepole, chambo kikiburuzwa nyuma, wakimtafuta maski, yule samaki mkubwa mla samaki wenzake, wa inchi hamsini wampime, wampige picha, wamwachie, kama wafanyavyo wote ziwani. Miaka yote daktari ameishia arobaini na tisa.

Jumatano ile maski alivutwa hadi ubavuni mwa boti, mrefu kuliko wavu aliokuwa nao Ardis. Akapiga mkia mara moja, mshipi ukakatika, akazama zake.

"Si ningemwachia mwenyewe?" daktari akalalama. "Haraka yake ya nini, Ardis? Dakika moja tu ya kumpima."

"Mshipi nilikwambia ubadilishe tangu Mei. Ukasema bado mzima."

Daktari alibaki kayakodolea maji macho, kaachama, na Ardis, kwa mazoea ya kazi, akainama kumchungulia mdomoni.

"Daktari, gego lako la nyuma limeoza."

Akafumba mdomo haraka.

"Bado zima," akasema.