Kipete cha Darajani na Nikabu ya Wiki Moja

Sonara wa mtaani kwetu alinionya mapema, nami nikaona anataka kuniuzia ghali. Alisema pua iliyotogwa jana haitaki madoido. Inataka kipini kidogo kilichonyooka, cha titani au cha dhahabu isiyochanganywa na nikeli. Na kisiwe pete, maana pete huzunguka na kuchokoa kidonda. Akaniwekea kimoja juu ya kitambaa, kidogo kama ufuta. Mimi mwalimu mzima, miaka arubaini na mbili, nimejikusanyia ujasiri wa kutoga pua tangu Ramadhani, halafu nivae kitu cha kutafutwa kwa tochi?

Nikaenda zangu sokoni Darajani nikanunua kipete cha kung'ara chenye vishanga vitatu vya kuning'inia. Muuzaji aliapa ni dhahabu ya Dubai. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Siku ya pili pua iliwasha. Siku ya tatu ilivimba, na kila nikivua mtandio vishanga vilinasa nikaona nyota mchana. Siku ya nne nilikitoa kipete nikakuta rangi imebanduka, chini yake kuna kitu cha kijani. Mume wangu alisema siku hizi pua inaingia chumbani kwanza, mimi nafuata.

Shule haikufungwa kwa ajili ya pua yangu, kwa hiyo nikavaa nikabu, mimi ambaye mtandio wenyewe hunishinda kukaa kichwani. Mtaa mzima ulifurahi. Majirani waliniombea dua barazani. Mmoja akaniomba nikazungumze na wasichana wa madrasa kuhusu haya na stara. Nikasingizia mafua, nikaona aibu mpaka kwenye visigino.

Habari ikavuka kisiwa hadi Uroa, kwa mamamkwe. Huyu mama, kwa miaka tisa ya ndoa, akija kwetu humsalimia mwanawe, akauliza hali ya paka, ndipo akanikumbuka mimi. Sasa akaanza kunipigia simu kila asubuhi. Alinisimulia ndoto zake. Aliniuliza nimekula nini, na nikimjibu alisikiliza kweli. Wallahi nilimpenda, na nikaogopa kupona.

Ijumaa akaja mwenyewe, amebeba sinia la pweza wa nazi kampika kwa ajili yangu. Tukakaa mkekani wawili tu. Akangoja nile. Nikapitisha tonge chini ya nikabu, mchuzi ukamwagikia kifuani.

"Humu hamna mwanamume," akasema. "Vua upumue, mwanangu."

Nikavua. Nikamweleza yote, toka ufuta wa sonara hadi dhahabu ya Dubai, na kwamba nikabu ilikuwa ya kufichia pua, si ya ucha Mungu. Sikuthubutu kumtazama. Nilijua sasa tunarudi kwenye hali ya paka.

Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaichunguza pua kama anayenunua samaki. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka hadi ushungi unamvuka.

"Kesho ntakupeleka mwenyewe kwa sonara," akasema, akijifuta machozi. "Mimi nshazoea kukupenda wiki nzima. Ntaanzaje kuacha leo?"

Nikaangua kilio, na kulia na pua ile kuliniuma kweli.