Risasi za Swara

Mwezi uliopita tulimzika baba mdogo huko Gachoka. Nilikaa kwenye hema la wafiwa na sahani ya pilau magotini, nikamsikiliza mshereheshaji akitangaza kwenye kipaza sauti kwamba marehemu alikuwa mwindaji hodari aliyeokoa mashamba yetu kutoka kwa mbogo. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikatafuta mfupa kwenye pilau ili mdomo wangu uwe na kazi. Unanijua, siwezi kumsema marehemu mbele ya watoto wake. Lakini hapa tuko wawili tu, na siku hiyo ya mbogo mimi nilikuwepo.

Uhuru ulikuwa bado mpya wakati ule. Baba yangu alikuwa karani Meru, na mimi niliishi na cucu, mama yake, chini kidogo ya soko la Gachoka. Soko lenyewe lilikuwa maduka matano ya mabati, na ukishuka kutoka hapo ni vichaka na mibono na mawe mpaka mto Tana. Mawele yakianza kukomaa, shule na shamba viligawana siku yangu. Alfajiri nilipanda ulingo, jukwaa la miti katikati ya shamba, nikawatupia ndege madongo ya udongo na kupiga kelele mpaka koo likakauka. Cucu alikaa chini ya ulingo akikoroga uji wa mtama uliochachuka vizuri. Alinipandishia kwenye kibuyu, na harufu ile ya moshi na uchachu naweza kukuelezea mpaka jioni na bado hutaisikia. Mchana tulikula kunde na mtama. Usiku pia kunde na mtama. Mvua ya msimu uliotangulia ilikuwa imetuhepa, na ghala la cucu lilikuwa limebaki vumbi na panya.

Ndiyo maana mbogo alipoingia shambani, cucu hakulala tena vizuri. Alikuwa dume mzee aliyefukuzwa na kundi lake. Alikuja mara mbili, akala kidogo, akakanyaga mengi. Cucu alizunguka asubuhi akiinua mashina yaliyolala kama mtu anayeinua watoto walioanguka, kisha akatuma habari Embu kwa mwanawe mdogo, kwa sababu mwanawe mdogo alikuwa amenunua bunduki.

Sasa huyo baba mdogo. Wazungu wa ofisi alimokuwa tarishi walifunga virago, naye akapandishwa cheo, akaanza kuokota walichoacha. Kwanza aliokota kofia yenye ukanda wa ngozi ya chui. Halafu kiko, ambacho sikuwahi kukiona kikitoa moshi. Halafu soksi ndefu za kufika magotini, katika joto la Gachoka. Mwishowe akanunua bunduki ya kuwindia kutoka kwa mkulima mmoja aliyekuwa akirudi kwao, akapata na leseni, na tangu hapo akawa hawezi kuketi kwenye kigoda bila kwanza kutafuta mahali pa kuiegemeza ili sote tuione. Bunduki ilikuwa nzuri. Ilistahili mtu mwingine.

Alikuja siku ya Alhamisi na pakiti mbili za risasi za aina mbili tofauti. Jioni ile nilikwenda kuteka maji. Mto wetu mdogo ulikuwa mchanga mtupu, tulifukua mpaka maji yajikusanye. Nilikuwa shimoni na kata yangu niliposikia viatu. Baba mdogo alikuwa peke yake. Akaweka debe kuukuu kwenye ukingo wa pili, akarudi nyuma, akatia risasi kutoka pakiti ya kwanza, akalenga kwa muda mrefu.

Mlio ulinilaza chini. Nilipoinua kichwa, debe lilikuwa limesimama vilevile na baba mdogo alikuwa ameketi. Kofia ilikuwa kule, bunduki mchangani, na yeye amelishika bega lake akitoa sauti ya ndama. Alikaa hivyo mpaka pumzi zikarudi. Kisha akatia risasi ya pakiti ya pili, akapiga akiwa amefumba macho. Hiyo haikumwangusha. Debe halikuguswa, lakini yeye alibaki wima, na nadhani kwake hilo ndilo lililokuwa la maana.

Alipogeuka akaniona.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, baba mdogo."

Akafungua mkoba wake, akanipa nusu ya mkate. Wakati huo mkate ulionekana kwetu Krismasi, na si kila Krismasi. Niliula wote njiani, nikapangusa midomo kabla ya kufika nyumbani, na cucu sikumbakizia hata chembe. Kwa hiyo usidhani ni baba mdogo peke yake ninayemdharau ninapokumbuka siku hizo.

Jumamosi akaita watu waje kuona risasi zikichaguliwa. Tulikuwa na jirani mmoja, mzee mwembamba, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewafuatia nyayo wawindaji wa kizungu kando ya Tana. Alikuwa mtu wa maneno machache. Baba mdogo alimwalika, nafikiri, ili apate wa kumshangilia. Akazipanga zile pakiti mbili kwenye mkeka wa cucu kama mchuuzi wa mitishamba.

Mzee akachukua risasi moja kutoka kila pakiti, akazipima viganjani.

"Hizi nzito zimefunikwa shaba mpaka puani," alisema. "Zinavunja mfupa na kuendelea hadi moyoni. Hizi nyepesi pua yake ni laini, ikigonga inapasuka. Kwa swara ni nzuri sana, anaanguka palepale. Kwa bega la mbogo itapasukia juu juu, naye atabaki na hasira tu."

"Mzee, dunia imebadilika," baba mdogo alisema. "Nimeuliza dukani. Risasi nyepesi huenda kasi zaidi. Hiyo ni sayansi."

"Kasi haitavunja ule mfupa."

"Wewe ulikuwa unawabebea wenyewe bunduki. Hii ni yangu."

Wanaume waliokuwepo wakaangalia chini. Mzee hakuonyesha kama neno lile lilimgusa. Akauliza tu, "Umezijaribu?"

"Zote mbili."

"Zile nzito zilikuwaje?"

Baba mdogo akanitazama, mara moja tu, haraka. "Zinakwenda kombo. Bunduki hii haizipendi."

Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba bunduki haina mapenzi. Ningeweza kusema, hata kumnong'oneza cucu tu. Nikakaza macho kwenye kidole changu cha mguu.

"Mimi sijui mambo ya risasi," cucu alisema. "Ninachojua ni kwamba mnyama huyo akirudi tena na hakuna mtu wa kumtoa, nitakwenda mwenyewe na panga."

Mzee akarudisha risasi zote mbili kwenye mkeka, kila moja mbele ya pakiti yake. "Nitakuongoza mpaka umwone," alimwambia baba mdogo. "Hapo mbele ni wewe."

Jumatatu mbogo alirudi. Jua lilikuwa limetoka, mimi niko juu ya ulingo, cucu na uji wake chini. Niliwaona wanaume wawili wakitokea kando ya shamba, mzee mbele ameinama, baba mdogo nyuma na kofia yake. Mzee akasimama, akaonyesha kwa kidole. Kutoka juu nilimwona mbogo wazi, mweusi, amesimama kando ya kichaka, ubavu umewaelekea.

Bunduki ikalia. Vumbi likaruka begani kwa mbogo. Akapiga goti, akainuka, akaingia kichakani.

"Nimemuua," baba mdogo akapaza sauti. "Mmeona? Nimemuua."

Mzee akainua mkono kumtuliza, sikio akaligeuzia kichakani. Nadhani alikuwa ameshasikia. Mbogo hakutokea alikoingilia, alizunguka akaja kutoka ubavuni. Baba mdogo aliitupa bunduki. Ilikuwa na risasi nyingine ndani, hilo lilithibitishwa baadaye, lakini aliitupa akakimbia akipita katikati ya mawele ya mama yake, akafika kwenye ulingo, akapanda. Alinikanyaga vidole akipita. Tukawa pale juu pamoja, mtu mzima na mtoto, tukimtazama mzee akirushwa.

Aliyemwokoa ni cucu. Aliumwaga uji, akashika sufuria na mwiko, akaenda moja kwa moja kwa yule mnyama akipiga na kulia kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Mbogo akamwacha mzee. Akasimama akimtazama mwanamke yule mfupi mwenye sufuria, kisha akageuka, akachechemea kuelekea mtoni.

"Bunduki ilikwama," baba mdogo aliniambia pale juu.



Walimbeba mzee kwa miti iliyong'olewa kwenye ulingo wetu mpaka barabarani, na Landrova ya misheni ikampeleka hospitali Embu. Nyonga ilikuwa imevunjika. Kesho yake walikuja askari wawili wa wanyamapori, wakamfuata mbogo, wakammaliza. Walimchuna mbele yetu. Mmoja akachokoa bega kwa kisu, akatoa vipande vidogo vya risasi vilivyoshikamana na nyama, akavipanga kiganjani. Mfupa wenyewe ulikuwa mzima kabisa.

"Nani alimpiga huyu na risasi za swara?" aliuliza.

Baba mdogo alikuwa upande wa kichwa, akiuliza pembe zitachukuliwa na nani. Alizipata. Alizitundika sebuleni kwake Embu, na kila mgeni alipewa chai na hadithi. Kila mwaka hadithi ilinenepa, na mzee akazidi kukonda ndani yake, mpaka ikafika siku hakuwemo tena.

Mzee alirudi baada ya miezi mingi, akitembelea gongo. Nilimpelekea uji, na kabla hajamaliza nikamweleza yote, debe na bega na mkate. Nilikuwa nikilia. Alikunywa mpaka mwisho, akapangusa kibuyu kwa kiganja.

"Nilijua," alisema. "Siku ile alipotaka kunisalimia, mkono uliishia kifuani. Bega lilikuwa limevimba."

"Basi kwa nini ulikwenda?"

"Cucu yako angekwenda na panga. Ulitaka nikae nyumbani?"

Tangu siku hiyo nilipita kwake kila nilipotoka shule. Hakuweza tena kutembea porini, kwa hiyo aliniletea pori mlangoni. Alichora kwa kijiti kwenye vumbi kwato za dume na kwato za jike, nyayo za anayetembea na za anayekimbia, akazifuta kwa gongo, akaniambia nimsomee zile alizochora upya. Alinicheka nilipokosea. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kitu kwa furaha kama ile.

Kisha uwindaji ukapigwa marufuku nchini, baba mdogo akairudisha bunduki kwa serikali akilalamika kama mtu aliyenyang'anywa mguu. Mzee alikufa, na cucu akamfuata. Mbogo wako ng'ambo ya waya wa hifadhi, na watoto huwaona kwenye kalenda. Shamba la mawele sasa ni muguka mtupu, ile miraa ya kwetu ya kutafuna, mistari iliyonyooka, na hakuna anayefukuza ndege kwa sababu ndege hawali muguka.

Asubuhi baada ya mazishi nilishuka huko. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo laini, mzuri sana kwa kazi. Niliinama na magoti yangu haya mabovu, nikasoma nyayo kama mzee alivyonifundisha. Ndala za mwanamke mwenye mzigo. Mbuzi wawili. Mwanamume mwenye haraka. Magurudumu ya bodaboda, moja limelika upande. Zote zilikuwa zikielekea barabarani, hakuna hata moja iliyoshuka mtoni.