Mavuno kumi na sita: vile sheria ya kulinda batoto ilinikamatia mutoto wangu

Wakubwa wote, ba mama na ba papa munaosoma hii daftari yetu ya masomo ya mangaribi, yenye inapita mukono kwa mukono kutoka Kashuga mpaka Buleusa, jambo yenu.

Ile nitaandika hapa ilinifikia mimi mwenyewe. Sikuisikia ku soko. Mungu ananiona, na mwalimu anajua vile ninaogopa wino, singeharibu wino juu ya hadisi ya bure.

Muvumilie maandiko yangu. Nilishika kalamu nikiwa nimeisha kuzaa batoto sita.

Basi.

Munajua sisi ba Kashuga tunalima maharagi ku kilima, ku udongo ya plantasio, na juu yetu iko hiyo plantasio, shamba kubwa ya ile maua nyeupe yenye banatengeneza nayo dawa ya kuua wadudu. Ile maua banaikata kichwa tu, moja moja. Kapita, musimamizi wa plantasio, anapenda vidole ya batoto, juu inaingia vizuri na haivunje.

Lakini ile maua iko mubaya. Inawasha mikono mpaka ngozi inapasuka, macho inatoa machozi kutwa muzima. Mutoto akirudi nyumbani unafikiri amefiwa.

Kwa hiyo siku moja Ajan, Muzungu wa serkali, akakuja ku soko, akasimama juu ya kiti, karani wake anageuza maneno yake ku luga yetu: kuanzia leo mutoto mwenye hajafika miaka kumi na ine hafanye kazi ku plantasio. Habebe muzigo ya kumuzidi. Halale mbali na wazazi.

Tulipiga mikono! Mama moja akatupa kitunga yake juu, viazi ikamwangika, hakuokota hata kimoja.

Mimi nilienda kupiga magoti. Nikasema Bwana, leo hata serkali imekusikia.

Kumbe sikusikiliza mwisho. Mwisho ya ile sheria ilisema: wenye miaka kumi na ine na zaidi, hao banaweza kazi, na kila nyumba yenye inalima ku udongo ya plantasio itatoa moja wao. Na bakubwa hivyo banaweza kulala ku kambi ya juu, kule banakausha maua, mpaka maua iishe.

Juma moja haikupita, Kapita akafika kwangu na liste ya majina.

"Mama Esiteri, mutoto yako anapanda ku kambi ya juu siku ya kwanza ya juma."

"Mutoto gani?"

"Esiteri."

Nikacheka. Esiteri nilimuzaa nyuma ya vita ya Wazungu kuisha. Meno yake ya mbele ilikuwa imengoka ule mwezi. Alikuwa pale nyuma yangu, ananyonya ndizi juu hawezi kuiuma.

"Kapita, umekunywa asubui yote hii? Angalia meno yake."

"Mama, mimi ninasoma karatasi, sisome meno."

"Karatasi inasema nini?"

"Miaka kumi na sita. Mwaka kesho anaolewa, usinisahau ku pombe."

Batu bakacheka. Mimi pia kidogo, Mungu anisamehe, juu nilifikiri ni muchezo. Lakini Kapita hakucheka.

Nikamuambia: basi kamata mimi.

"Wee? Ile vidole ni ya jembe, mama. Utaponda maua kumi ukikata moja."

Papa Esiteri alikuwa ku kazi ya mawe kule Walikale, haesabiwi pahali ya mutoto. Sheria ya kulinda mutoto, njo inamukamata mutoto? Niliona kama kichwa yangu imegeuzwa sawa nguo, ya ndani inakuwa ya inje.

Ngoja niwaeleze vile ilitokea.

Miezi mbili mbele ya ile sheria, karani alipita nyumba kwa nyumba kuandika batoto. Akaniuliza, huyu iko na ngapi? Nikajibu vile mama yangu angejibu, na mama yake: amekula mavuno kumi na sita.

Sisi ba kilima njo vile tunaesabu. Maharagi tunaivuna mara mbili ku mwaka, muntu wa hapa haulizi. Mavuno kumi na sita ni miaka munane. Karani akaandika kumi na sita, akapita.

Na siko mimi peke. Jirani yangu Mama Rozi, binti yake Rozi anacheza na Esiteri kila siku, bako kimo moja. Yeye alisema mavuno kumi na tano. Karani akaandika kumi na tano.

Lakini sikieni hii. Nyuma ya nyumba yangu kuko kijana moja, Zakaria, sauti yake ni ya ngombe dume, ndevu zimeanza. Mama yake aliesabu miaka tangu siku ya ubatizo, na alibatizwa akiwa ameisha kuchunga mbuzi. Ku karatasi Zakaria iko na miaka kenda! Sheria ikamulinda kabisa. Akakaa mbele ya mulango anatafuna muwa, anaimbia Kapita: "Mimi ni mutoto, musiniguse!"

Munacheka. Mimi singeweza.

Karani yule alikuwa amehamia Kalembe. Nikafunga mihogo, nikamukamata Esiteri mukono, tukatembea. Zilibaki siku mbili.

Tukamukuta ku biro ya serkali. Ni kijana wa heshima, wa kule pori ya Walikale, alinisalimia vizuri.

"Mama, ni wee mwenyewe ulisema kumi na sita."

"Nilisema mavuno."

"Ndiyo. Mavuno kumi na sita."

"Mavuno mbili njo mwaka moja, mwana wangu!"

Akaniuliza polepole: "Mara mbili? Kwetu tunakula ndizi na mihogo, hatungoje mavuno. Ku masomo walitufunza muntu anavuna mara moja ku mwaka."

Akafungua kitabu, akaangalia majina ya Kashuga, ukurasa moja, ingine, akaifunga haraka kama mwenye ameona nyoka ndani.

"Mama, kama wee unasema kweli, ku kitabu kilima yote iko mubaya. Bananifukuza."

"Na mutoto wangu?"

Njo akanipeleka kwa Ajan, alikuwa amefika kule siku ile. Nikaeleza. Nikamufungulia Esiteri kinywa. Ajan akacheka kwa roho nzuri, akamupa biskuti. Alisema, na karani akageuza:

"Ninaona ni mutoto mudogo. Lakini siandike ile ninaona. Ninaandika ile mama ametangaza. Kitabu iko sawa, ao mama alidanganya. Ingine haiko."

Nikasema mavuno. Akauliza tena: ulidanganya? Nikasema hapana, mavuno. Mara tatu. Akaangalia mawingu, akaanza kutafuta kofia yake.

Karani akaniinamia ku sikio. "Mama yangu, ni neno moja. Sema ulidanganya, mutoto anabaki. Ukisema mavuno, Ajan atatuma maandiko kwa wakubwa wake, jibu itarudi maua imeisha."

Ndugu zangu, mimi tangu ubatizo wangu sikusema uongo. Hata juu ya mbuzi ya jirani yenye ilikula maharagi yangu, nilisema kweli, kama sikuziba shamba, na nikapoteza kesi.

Nikaangalia Esiteri. Anatafuta namna ya kula biskuti na meno ya pembeni.

Nikasema: "Andika nilidanganya."

Karani akaandika. Nikaisoma mwenyewe, juu sasa ninajua kusoma: *mama huyu amekubali kama alidanganya serkali juu ya miaka ya mutoto wake.* Bakaleta wino ya kidole, nikakataa, nikatia jina yangu na kalamu. Mara ya kwanza kuandika jina mbele ya serkali, na ni chini ya uongo.

Tukarudi. Esiteri alivuka muto mbele yangu. Njo akauliza:

"Mama, na Rozi?"

Nilisema tembea, mvua inakuja.

Siku ya kwanza ya juma, batoto kumi na moja walipanda ku kambi ya juu. Walipita njia ya shamba yangu, banaimba wimbo ya kanisa. Rozi alikuwa wa nyuma, anabeba kitunga yenye ilimufika ku kiuno.

Mama Rozi alisimama kwangu. Hakupiga kelele. "Ulikuwa na mulomo mbele ya Ajan. Ulisema juu ya mutoto wako. Na sisi?"

Niliwaza: kama ningekomaa na mavuno, pengine kitabu yote ingerudiliwa. Lakini niliposema *mimi* nilidanganya, nilisema pia wengine wote walisema kweli. Nilitoa mutoto moja, nikafunga mulango juu ya kumi na moja.

Ao hapana? Sijui. Nikilala ninaona iko hivyo, nikiamuka ninaona mama gani angefanya ingine.

Na kanisa pia. Mzee wa kanisa alisikia nimetia jina chini ya uongo, akaniambia nisifike ku meza ya Bwana kwanza. Nikamuuliza: "Papa, kama nilisema nilidanganya, na sikudanganya, zambi ni ya wapi, ya kwanza ao ya pili?" Akajikuna kichwa. "Mama, rudia polepole." Nikarudia. Akasema ataomba.

Njo ile nilijifunza, kama nilijifunza. Sheria ni muzuri, sitaikataa hata leo, nilipiga mikono na nitapiga tena. Lakini ile sheria ilikuja na namba moja, na haikuuliza sisi tunaesabu namna gani. Na ba mama: mutoto akizaliwa, muandike mwezi na mwaka, hata na makaa ku mulango. Musingoje karani.

Sasa ninaomba munijibu chini hapa. Mwenye kuona nilikosa, aandike nilikosa, sitakasirika. Lakini mwenye mutoto iko ku kambi ya juu asiniandikie maneno tu. Atie jina ya mutoto, mavuno yake, na miaka yake ya kweli. Mwenye hajui kuandika anikute ku shamba, nitamuandikia. Jumamosi hii daftari ninaipeleka Kalembe mimi mwenyewe, mbele ya Ajan.

Mama Rozi anasema nikifanya hivyo bataona maneno yenye nilitia jina chini yake ilikuwa uongo, na batamurudisha Esiteri ku liste. Inaweza.

Ninaanza:

Esiteri, wa Kashuga. Mavuno kumi na sita. Miaka munane. Mama yake hakudanganya siku ya kwanza, alidanganya siku ya pili.

Rozi, wa Kashuga. Mavuno kumi na tano. Miaka saba na nusu.

Nani anafuata?